Nimebana mpaka balbu, na bado tarehe 20 hatuna kitu

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 39, nimeolewa, nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nimeishiwa ujanja. Nimebana kila kinachobanika, na pesa bado haitoshi.

Miezi minane iliyopita mume wangu alipunguziwa saa za kazi. Siku mbili kwa wiki sasa yuko nyumbani. Mwezi mmoja baadaye mama yake akapata kiharusi, akaja kukaa kwetu. Anaongea vizuri, ila upande wa kushoto hauna nguvu. Kumwogesha, kumgeuza na kumvalisha nafanya mimi kabla ya kwenda kazini, na nikirudi naanza tena. Mume wangu ana ndugu wawili, nao hupiga simu kumjulia hali.

Mimi ndiye mwenye daftari la nyumba. Sipendi kutaja pesa zetu hadharani, kwa hiyo nimegeuza kila kitu kiwe sehemu ya 100. Chukulia kinachonifikia kwa mwezi ni 100. Kodi ya nyumba inakula 32, chakula 30, shule 9, nauli 8, dawa za mama 7, umeme na maji na simu 6, ndugu 5 (hasa mdogo wangu wa kiume, na hii hupanda na kushuka), mengineyo 3. Ukijumlisha unapata 100 kamili. Lakini kila mwezi ikifika tarehe 20 hatuna kitu. Kuna miezi mume wangu huleta pungufu, na kuna miezi sare imepasuka au kitasa kimeharibika.

Usidhani nimekaa tu, Mjomba. Sabuni ya kufulia naikata mwenyewe na kutoa kipande kimoja kwa wiki; kikiisha, kimeisha. Tyubu ya dawa ya meno naipasua na mkasi tukwangue ya mwisho. Maji ya kusuuzia nguo ndiyo ya kudekia. Asubuhi natembea kwenda kazini, napanda gari jioni tu. Balbu ya chumba cha watoto naichomoa saa mbili usiku na kuiweka chini ya mto wangu, maana nikiizima wanaiwasha tena. Dawa ya presha ya mama nimeanza kumpa siku moja na kuruka siku moja ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Simu nimeondoa vifurushi vyote. Umeme, maji na simu zilikuwa 8, nimezishusha hadi 6. Hiyo 2 nimeipigania kwa miezi minane.

Mume wangu anasema nyumba imekuwa bweni na mimi ndiye mlinzi wa bweni. Yeye ana mkopo wa haraka aliochukua mama alipougua, niliona ujumbe kwenye simu yake na hajui kama najua, ni kama 60 kwa hesabu yangu hii, riba asilimia 10 kwa mwezi, naona analipa riba kila mwezi, lakini hilo ni lake na silihesabu kwenye daftari.

Binti yetu mkubwa ana miaka 14. Wiki iliyopita mwalimu wake alinipigia kuuliza kwa nini amejitoa kwenye safari ya darasa. Sisi alituambia safari imeahirishwa. Nilipombana akajibu, "Nilijua utakataa, nikajikatalia mwenyewe." Usiku ule sikulala.

Kuna jambo moja hakuna anayelijua. Nina akiba ya 30 benki, kwa jina langu, inazaa kidogo sana. Nikiwaza kuigusa mikono inanitetemeka.

Nina maswali mawili. Nibane wapi tena? Na je, niuze cherehani yangu? Nilikuwa nashona mwishoni mwa wiki, ila tangu mama aje nashona kidogo tu, na wateja watatu nawadai tangu miezi mitatu iliyopita.

Mwenye Daftari

*

Marahaba, mpwa wangu Mwenye Daftari.

Mimi nilikuwa karani wa mahesabu kabla sijawa Mjomba wa watu wote, na nina ugonjwa wa makarani: nikipewa karatasi, siangalii kilichoandikwa tu, naangalia kila jambo limepewa nafasi kiasi gani. Yako nimeipima. Sabuni, dawa ya meno, maji ya kudekia na balbu vimepata karibu aya nzima. Mkopo wa mumeo umepata sentensi moja, tena uliyoiandika bila kuvuta pumzi. Dawa ya presha imepata sentensi moja, ikiwa imebanwa kati ya balbu na vifurushi vya simu kana kwamba ni vitu vya uzito mmoja. Akiba umeitaja mwishoni, kama mtu anayeongea huku ameshika kitasa cha mlango. Kwa ruhusa yako nitaanza na sentensi hizo moja moja. Sabuni itajiangalia.

Dawa ya mama: usiruke tena, kuanzia siku unayosoma haya. Presha isiyodhibitiwa ni moja ya sababu kubwa za kiharusi, na aliyekwishapata kimoja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko mtu ambaye hajawahi kupata. Siku unayoruka, presha inaweza kupanda na mgonjwa asihisi chochote, na ndiyo maana njia hii inakudanganya kuwa inafanya kazi. Usimwongezee vidonge kufidia siku ulizoruka. Nenda kwa daktari wake au mfamasia, umwambie ukweli wote: nimekuwa nikiruka, na sababu ni pesa. Muulize kama ipo dawa yenye kiambato kile kile isiyo na jina kubwa la kampuni, maana mara nyingi hiyo huwa ya bei nafuu zaidi. Muulize pia kama kila dawa iliyo kwenye orodha bado inahitajika. Usione haya, swali hili watu hao wamelizoea. Kinachowashinda ni mgonjwa ambaye presha yake haishuki na hakuna anayewaambia kwa nini.

Najua hukufanya kwa ubaya. Ulikuwa umechoka, ukaliona kopo kama unavyouona mche wa sabuni. Ndivyo kubana kunavyomfanya mtu akizidisha, macho yanapoteza kipimo, na kila kitu kinakuwa kitu cha kukata.

Sasa mkopo. Umeandika "hilo ni lake". Mpwa wangu, pesa ikiisha tarehe 20 inawaishia wote, hata bibi aliyelala kitandani. Tuhesabu. Anadaiwa 60. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni 6. Kama amekuwa akiilipa tangu mama alipougua, miezi saba sasa, ameshatoa 42, na bado anadaiwa 60 ile ile aliyoanza nayo. Umejiuliza kwa nini miezi mingine huleta pungufu. Naona jibu unalo tayari ila hujalisogeza karibu na swali. Wewe umepigana miezi minane kuokoa 2 kwenye umeme, maji na simu, na wakati huo huo 6 zilikuwa zinatoka kila mwezi kwa mlango ambao daftari lako halina. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hata umimine mto hakijai.

Mkopo wa namna hii una tabia moja ambayo watu wengi hawaioni mpaka waandikiwe. Akiendelea kulipa 6, hautaisha, hata watoto wenu wakioa na kuolewa. Akilipa 9 kila mwezi, unaisha ndani ya mwaka mmoja. Akilipa 12, unaisha kwa miezi minane. Kati ya kutoisha kamwe na kuisha kwa mwaka kuna tofauti ya 3 tu kwa mwezi. Na siku akishindwa kulipa hata riba, ikaanza kuongezwa juu ya deni, 60 inakuwa zaidi ya 188 baada ya miezi 12. Sijaandika hayo kukutia hofu. Hofu unayo ya kutosha, ila umeipeleka kwenye tyubu ya dawa ya meno.

Hapo ndipo akiba yako inapoingia, na naomba ukae chini kabla ya kuendelea kusoma. Tuseme benki inakupa asilimia 5 kwa mwaka. Akiba ya 30 itakuzalia 1.5 kwa mwaka mzima. Ukichukua 20 kati ya hizo 30 ukapunguza nayo deni, unaondoa riba ya 2 kila mwezi, ambayo kwa kasi mnayokwenda nayo sasa ni 24 kwa mwaka. Yaani mna pesa iliyolala huku na moto unaowaka kule, chini ya paa moja, na mmoja hajui habari ya mwenzake. Yeye anaficha deni, wewe unaficha akiba, na riba inakula katikati yenu.

Sikuambii utoe zote 30. Bakiza 10. Nyumba isiyo na kitu kabisa pembeni, dharura ikibisha hodi inakimbilia mkopo mwingine, na mtarudi hapa hapa. Lakini 20 ikienda kwenye deni, linabaki 40. Mkilipa 9 kila mwezi, baada ya miezi sita kunabaki kasalio kasichofika 2, mwezi wa saba mnakamaliza.

Jihadharini na jambo moja la kikarani. Kabla ya kulipa hiyo 20, mwulize mkopeshaji kama anakubali malipo ya kupunguza deni la msingi, yaani ile 60 yenyewe bila riba, na kama kuna faini ya kulipa mapema. Jibu lake liwe la maandishi, na risiti ionyeshe wazi kwamba deni la msingi limeshuka hadi 40. Nimeona watu wakilipa kwa moyo safi, fedha ikaandikwa kuwa ni riba ya miezi ijayo na gharama za huduma, deni likabaki limekaa kitako.

Kabla sijaendelea kuna swali ambalo wewe tu ndiye mwenye jibu lake. Akiba hii umeificha kwa kuogopa shida, au kwa kumwogopa yeye? Kama mumeo ni mwepesi wa kukupiga, au ana tabia ya kukunyang'anya kila unachokipata, basi yote niliyosema juu ya akiba yaache. Usimwambie. Hiyo ni njia yako ya kutokea, ibaki pale ilipo, na unitafute tena kwa barua nyingine. Katika barua yako sijaona dalili hizo. Nimemwona mtu aliyepunguziwa kazi, mwezi uliofuata mama yake akaanguka, akaona aibu kusema kwamba amekopa. Naendelea kwa kudhani ndivyo.

Mazungumzo, basi. Nadhani unayaogopa kuliko deni lenyewe. Ukianza na "nimeona ujumbe kwenye simu yako", mtagombana juu ya simu, na mkopo utabaki umekaa pembeni ukiwatazama. Anza na siri yako. Mwambie hivi, au kwa maneno yanayofanana na haya: "Baba watoto, nimekuficha kitu. Nina akiba, niliiweka kwa sababu naogopa. Najua ulikopa mama alipougua, na naelewa kwa nini. Nataka tuchukue sehemu ya akiba tupunguze lile deni, kisha tulimalize pamoja." Halafu nyamaza. Kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu kuliko unavyopenda. Usikijaze na maelezo ya sabuni.

Usifanye hivyo usiku, wala usifanye tarehe 20. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa nchini India. Walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakati mifuko imekauka, na wakapimwa tena baada ya mavuno. Ni watu wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio. Mimi sikuhitaji utafiti kuamini hilo, nimewahi kujumlisha safu moja mara nne mwisho wa mwezi na kupata majibu manne. Chagua siku moja au mbili baada ya pesa kuingia, mchana, mama akiwa amepumzika na watoto hawapo. Siku moja kati ya zile mbili anazokuwa nyumbani inafaa sana.

Na mkishafungua, daftari lisirudi kuwa lako peke yako. Katika ofisi nilizofanyia kazi, aliyeshika pesa hakuwa yule yule anayeandika vitabu, na aliyeandika vitabu hakuwa anayekagua. Watu hudhani utaratibu huo ni wa kuzuia wizi tu. Unamlinda pia karani, asiwe yeye wa kulaumiwa kila kitu kinapopungua. Nyumbani kwako wewe ni mtunza fedha, karani, mkaguzi na askari wa zamu. Mume amekuita mlinzi wa bweni na umeumia, lakini tazama vizuri utaona hakutukana, ametaja kazi ambayo mmekupa wote, na wewe ukaipokea. Kila mwezi kaeni nusu saa, daftari mezani, kalamu ashike yeye. Wewe soma, yeye aandike. Anayeandika tarakimu kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuambiwa amefichwa, naye hawezi kujidanganya kwa urahisi. Kwenye kikao hicho msifufue matumizi ya zamani. Mkianza "unakumbuka ile siku ulinunua", fungeni daftari mpaka kesho.

Sasa swali lako: nibane wapi tena? Nimejumlisha. Kodi, chakula, shule, nauli, dawa na umeme na maji na simu vinafika 92 kati ya 100. Huenda umesikia ile kanuni ya 50, 30 na 20, kwamba nusu iende kwenye mahitaji, 30 kwenye matakwa na 20 kwenye akiba. Ni kanuni nzuri kwa mtu mwenye cha kupanga. Kwa nyumba ambayo mahitaji yamekula 92 ni kejeli, na usijipime nayo. Kwenye vitu vidogo huna tena pa kubana. Umemaliza. Zilizobaki ni sehemu mbili tu, na zote mbili zinahitaji mdomo kuliko mkasi.

Ya kwanza ni mdogo wako. Hiyo 5 "inayopanda na kushuka" ndiyo inayokupindulia meli, maana huwezi kupanga kitu kisicho na ukubwa. Weka 3. Mwambie leo, kabla hajaomba: "Kila mwezi, pesa ikiingia, nitakutumia hiki. Kikiisha sina kingine mpaka mwezi ujao." Hapana inayosemwa mapema haiumi kama hapana ya dakika ya mwisho, na bado utakuwa dada anayesaidia. Hapo umepata 2.

Ya pili ni shemeji zako wawili wanaopiga simu kumjulia mama hali. Kujulia hali ni kuzuri. Dawa ni 7, na mama ana watoto watatu. Mumeo, si wewe, awaambie. Asiseme "tusaidieni", neno hilo halina bei, na kila mtu huliweka kando mpaka atakapopata nafasi. Aseme: "Dawa za mama kwa mwezi ni kiasi hiki, fungu lako ni hiki, na risiti hizi hapa." Hata wakitoa nusu ya mafungu yao, mnapata zaidi ya 2. Jumla mmepata 4. Ile 3 ya kufikisha 9 ya deni imepatikana, na kuna 1 imebaki, iwekeni kwa ajili ya sare na kitasa, ambavyo umevieleza kana kwamba ni ajali. Si ajali. Vitu huharibika kila mwaka, ila hatujui mwezi gani. Andika vyote unavyovikumbuka kwa miezi 12, gawanya kwa 12, utaona kila mwezi ulipaswa kutenga kiasi gani. Kwa sasa hamwezi kukifikia, ila deni likiisha ile 9 isiachwe izurure. Nyingi yake iende huko.

Mume yuko nyumbani siku mbili kwa wiki. Umelitaja hilo mwanzoni, kisha ukaendelea kumwogesha mama peke yako kabla ya kazi na baada ya kazi. Saa alizopunguziwa hazikuyeyuka, ziko hapo nyumbani kwako. Siku hizo mbili, kuanzia asubuhi, mama ni wake. Kama mama anaona haya kuogeshwa na mwanawe, basi mumeo abaki na kulisha, mazoezi ya mkono, dawa na kliniki, na wewe ubaki na kuogesha tu. Nimeweka hili katika barua ya pesa kwa sababu ni pesa. Muda utakaoupata ndio ule uliokuwa unashonea.

Katika "mengineyo 3", toa 1 iwe yako na 1 iwe ya mumeo, ya kila mtu kutumia bila kuulizwa na bila kuandikwa. Nakuona ukikunja uso. Bajeti isiyo na tundu la kupumulia huvunjwa kwa siri, na siri mnazo za kutosha tayari. Mumeo akinunua upuuzi kwa 1 yake, usiangalie. Wewe ya kwako ipandie gari asubuhi zile ambazo miguu imekataa.

Binti. Sitaki nikusimange, maana neno lake limeshakusimanga. Mtoto wa miaka 14 anayejikatalia mwenyewe ameshajua nyumba ina shida, ila hajui ukubwa wake, na asichokijua anakikuza. Mkae naye nyote wawili baada ya kile kikao chenu, mumweleze mambo matatu: kazi ya baba ilipungua, kuna deni na tumepanga miezi ya kulimaliza, na kulipa deni si kazi yake. Msimweleze zaidi ya hapo. Msimfanye mshauri wenu wala mpelekaji wa habari kati ya baba na mama. Na mwambieni aombe. Mtakataa mara nyingi, lakini jibu litolewe na ninyi. Safari ya darasa kama bado haijaondoka, kaulize shuleni kama mnaweza kulipa kidogo kidogo. Wazazi wengi hawaulizi.

Balbu irudi mahali pake leo. Kama ni LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, inahitaji zaidi ya usiku 22 kufikisha uniti moja ya umeme. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa moja mfululizo imeshaimaliza hiyo uniti. Piga pasi nguo za wiki kwa mara moja badala ya kuiwasha kila asubuhi, na bomba linalodondosha lifungwe washa mpya, kile kipira cha ndani, maana tone moja kila sekunde linaweza kufika hata lita 20 kwa siku. Ukifanya hayo mawili, watoto wasome wanavyotaka. Sabuni endelea kuikata ukipenda, ni ustadi, hata marehemu mama yangu aliikata kwa uzi. Tyubu ya dawa ya meno nayo ipasue, mimi pia naipasua.

Cherehani usiuze. Ndicho kitu pekee katika barua yako yote chenye uwezo wa kuleta pesa badala ya kuipeleka, na ukikiuza leo kwa haraka utapata chini ya thamani yake, kisha siku moja ukinunue tena kwa bei kamili. Una wateja watatu unaowadai kwa miezi mitatu, na hukuwaweka kwenye daftari, kama vile hukuuweka mkopo. Pesa unayodai ni yako, iandike. Waandikie kabla ya wiki hii kuisha, kila mmoja ujumbe wake, utaje nguo, kiasi na siku unayotaka ulipwe. Akileta kitambaa kingine kabla hajalipa, kipokee kwa tabasamu, ukiweke rafuni, na usikikate.